Hawakunipima Urefu

Kama wewe ni mwanamke mrefu na umeanza kukonda, najua unaambiwa nini. Unaambiwa warefu ndivyo walivyo. Unaambiwa mwili wako unakwenda juu badala ya kwenda kando, kwa hiyo ushukuru, maana nguo zote zitakukaa vizuri. Mimi niliambiwa hivyo kwa muda mrefu, na nilikubali kwa sababu lilikuwa jibu la kunituliza. Naandika kwa ajili yako wewe ambaye jibu hilo halikutulizi tena, wewe unayelala ukisikia moyo wako ukigonga godoro.

Nilikuwa fundi wa nguo pale Shianda. Nilizaliwa Navakholo nikaolewa Shianda na Makokha, dereva wa trekta za kuvuta miwa. Miaka ile sukari ilikuwa imetuamsha wote. Miwa ilipandwa hadi karibu na kuta za nyumba, trekta zilipita kutwa na matela yaliyojaa, na wakulima walipolipwa, soko zima lilinuka nyama ya kuchoma na vitambaa vipya. Cherehani yangu ya kukanyaga ilikaa kwenye baraza la duka. Pembeni yangu alikuwa Zainabu, Mwislamu kutoka Mumias aliyeuza vitambaa. Mteja alinunua kwake, kisha akageuka tu kunipa mimi nishone.

Wakati ule mke mnene alikuwa sifa ya mumewe. Nililijua hilo kuliko mtu yeyote, maana kila baada ya malipo wanawake waliniletea magauni yale yale niyafungue mishono ya kiunoni yawe mapana. Walijifanya wanalalamika, lakini wote walikuwa wakicheka. Mimi mwenyewe sikuwa mnene, ila nilikuwa na mwili. Nilikuwa na futi sita kasoro inchi moja, nimempita hata mume wangu, na mabega yangu yalikuwa ya msichana aliyekuzwa na jembe. Nilipopita sokoni watu walinipisha.

Ugonjwa ulinianza binti yangu Nafula alipokuwa akijifunza kutembea. Mvua ndefu zilikuwa zimeanza. Sikuumwa popote. Kitu cha kwanza kilikuwa njaa.

Ilikuwa njaa ambayo sikuwahi kuisikia hata wakati nikiwa na mimba. Nilikula obusuma, ugali wetu, na mboga, nikaosha vyombo, na kabla sijamaliza kuvianika tumbo lilianza kudai tena. Nilitafuna miwa nikiwa kwenye cherehani. Nilificha viazi vitamu vilivyochemshwa chini ya vipande vya kitambaa, kwa sababu niliona aibu kuonekana nikila kila mara. Na kadiri nilivyokula ndivyo magauni yangu yalivyolegea. Niliyapunguza kidogo kiunoni. Baada ya majuma machache nikayapunguza tena. Mara ya tatu nilingoja hadi Zainabu alipokwenda kuswali ndipo nikaingiza gauni langu kwenye cherehani, asinione.

Mama mkwe wangu, Mama Selina, alikuwa amekuja kukaa nasi ili anisaidie na mtoto. Ni mwanamke mfupi, mkavu, mwenye macho yasiyokosa kitu. Jioni moja aliniangalia nikichota mara ya tatu.

"Mama Wesonga," akasema, akinitaja kwa jina la mwanangu wa kwanza, "hicho ni chakula cha wakata miwa wawili."

"Nasikia njaa, Mama."

"Naona." Akaitazama sufuria. "Unakulanga hivi kila siku. Sasa chakula kinaendanga wapi?"

Usiku ule nilijilaza nikijishika mbavu. Nilizisikia zote, moja baada ya nyingine, na moyo wangu ulikuwa unakimbia kana kwamba nimepanda mlima, ilhali nilikuwa nimelala.

Kisha likaja joto. Julai, watu walipokuwa wakivaa masweta asubuhi, mimi nilitoka jasho hadi gauni likanata mgongoni. Nilifungua dirisha, Makokha akalifunga kwa sababu ya watoto, nikalifungua tena. Tuligombana kwa sababu ya dirisha. Tuligombana kwa sababu ya chumvi. Nilikuwa mtu mpole, na sasa nilisikia sauti yangu ikipanda kabla sijajua nataka kusema nini. Nywele zilibaki kwenye kitana. Damu yangu ya mwezi ilipungua, kisha ikaacha kuja, na tumbo likabaki bapa, kwa hiyo nilijua si mimba.

Makokha aliumia kwa namna yake. Madereva wenzake walikuwa wakimtania kwenye foleni ya kiwandani. "Bwana, hela ya sukari unaipeleka wapi? Mbona bibi anakauka?" Alianza kuleta nyama imening'inia kwenye usukani wa baiskeli, wazi, ili barabara yote ione. Siku moja aliweka nyama mezani na hakuondoka. Alisimama pale ameshika kofia.

"Kuna kitu unataka na huniambii?" akauliza. "Mtu ametukosea? Ni mimi?"

"Hakuna, Baba Wesonga."

"Basi nenepa," akasema. Alisema kwa kunisihi, kama mtu anayeomba apishwe njia. Nilitaka kucheka, lakini nikaona mdomo wake unacheza.

Jambo lililoharibu nyumba yetu kabisa lilikuwa macho. Kwetu mke wa mwana hamkazii mama mkwe macho. Anaangalia chini au pembeni anapozungumza naye. Mimi nilifanya hivyo tangu siku niliyoolewa. Lakini asubuhi moja, nikiwa nampa chai, Mama Selina aliweka kikombe chini kwa kishindo.

"Unanikodolea macho hivyo kwa nini? Nimekukosea nini katika nyumba hii?"

"Mama, sijakukodolea."

"Hata sasa unanikodolea!"

Niliingia chumbani nikachukua kioo. Nilimwona mwanamke aliyeshtuka. Weupe wa macho ulionekana juu ya mboni pande zote mbili, kana kwamba kuna mtu amefungua mlango ghafla. Nilijaribu kuyafumba nusu, nikajaribu kutabasamu, bado alikuwa mwanamke aliyeshtuka. Kuanzia siku ile Mama Selina alikula akiwa amenipa mgongo, na mimi sikujua jinsi ya kumwambia kwamba macho yale hayakuwa yangu.

Nilikwenda dispensari. Sitasema ni ipi, maana wahudumu walikuwa wachache na wagonjwa walijaa hadi nje, na hakuna aliyenitakia mabaya. Nilikaa kwenye benchi tangu asubuhi, nikiwa nimebana mikono katikati ya magoti ili isitetemeke. Sista aliniambia nipande kwenye mzani. Mshale ulisimama.

"Kilo hamsini na sita," akasema. "Si mbaya. Kuna wanawake hapa wanazitafuta hizo."

"Lakini Sista, nguo zangu zimekuwa kubwa."

Aliniangalia kutoka miguuni hadi kichwani, akatabasamu. "Wewe ni mrefu, mama. Mrefu hawezi kuwa kama mfupi. Labda ni minyoo."

Nilipewa dawa ya minyoo. Niliirudia. Niliporudi mara nyingine nilipimwa malaria nikapewa dawa ya malaria. Kila mara mzani ulishuka kidogo, na kila mara ile namba ilikuwa bado namba ambayo mtu anaweza kuwa nayo na akaishi. Ndicho kilichonichanganya. Nilitoka pale nimeambiwa ni mzima, na nikifika kwenye kijilima kabla ya soko ilinibidi kukaa chini nivute pumzi.

Halafu watu wakaanza kunong'ona juu ya kifua kikuu. Sikuwa nakohoa, ila kidogo tu mashamba ya miwa yalipochomwa na majivu meusi kutuangukia, na hapo kila mtu alikohoa. Lakini mwanamke mmoja alikuja kuchukua kitambaa chake kabla sijakikata. Alisema ameahirisha. Kesho yake nilikiona kwa fundi wa upande wa pili. Mwingine alikataa kuingiza mkono kwenye gauni nililokuwa nimelishona nusu ili nimpime. Alisema, "Nitalijaribia nyumbani," akawa analishika kwa ncha za vidole.

Wakati huo mikono yangu ilikuwa imeanza kunikana. Ilitetemeka kidogo sana, mtetemo mwembamba, kama waya uliogongwa. Sikuweza kutunga uzi kwenye sindano. Wanakwaya wa kanisa letu walikuwa wameniletea kitambaa cha joho, na nilipokuwa nikikata shingo ya joho la kwanza mkasi ulipiga kona ukakata hadi kifuani mwa joho. Nilikaa nikiangalia lile tundu. Sikulia. Nilikuwa na njaa, na hilo ndilo lililonitisha, kwamba hata wakati ule nilikuwa na njaa.

Zainabu aliinuka kwenye kiti chake akaja kusimama juu yangu.

"Jirani," akasema, "leta hapa."

Alikunja kitambaa kilichoharibika akakiweka chini ya meza yake, akakata kingine kutoka kwenye jora lake. Kisha akatunga uzi kwenye sindano zangu zote akazichomeka kwenye mto mdogo, zimejipanga tayari. Kuanzia hapo alifanya hivyo kila asubuhi baada ya salamu, bila kuniuliza kitu. Ilipofika siku ya malipo na baraza langu likabaki tupu, ndipo alipozungumza.

"Nanjala, binamu yangu alikonda hivi. Macho hivi hivi. Alikwenda hospitali kubwa Kakamega. Nenda huko, usirudi kule kwa mzani."

"Alipona?"

"Yuko hai," akasema Zainabu. Niliona kwamba alikuwa amechagua neno.

Makokha aliomba ruhusa kazini tukaenda pamoja. Kabla hatujatoka, Mama Selina alileta kifurushi cha viazi vitamu kimefungwa kwa jani la ndizi. Alikiweka karibu na mlango, si mkononi mwangu, na akarudi jikoni.

Ukumbi wa kungojea pale Kakamega ulikuwa mrefu, na mabenchi yake yalikuwa yamekaliwa hadi yakang'aa. Mtu akiitwa, wote tulisogea nafasi moja. Nilianza kuuchukia ule msogeo. Kila tuliposogea nilifikiri, sasa nakaribia kuambiwa. Viazi vilikwisha kabla ya saa sita. Makokha alinunua mandazi, nikala yangu yote, kisha nikamwona anaficha lake mfukoni ili anipe baadaye. Alikuwa na hofu, na akiwa na hofu huwa anahesabu mbao za dari. Nilimwona akihesabu.

Daktari alikuwa kijana, mwenye sauti ya chini. Alinipandisha kwenye mzani, akasoma, halafu akainua uso kuniangalia. Akaangalia mzani tena.

"Vua viatu," akasema. "Simama hapa ukutani. Visigino vishike ukuta."

Kulikuwa na ubao wenye mistari. Alishusha kipande cha mbao hadi kikagusa utosi wangu, ikambidi anyooshe mkono.

"Walikupima urefu kule ulikotoka?"

"Hapana, daktari. Mimi ndiye ninapimanga wengine."

Hakucheka. Alimgeukia Makokha. "Mzee, uzito huu ungemtosha mama anayemfikia huyu begani. Kwake huyu, ni kama robo ya mwili imeondoka. Ilianza lini?"

Mimi ndiye niliyejibu. "Mvua ndefu." Mvua ndefu ilikuwa imepita zamani, na mahindi yalikuwa yamekwishavunwa.

Aliniambia ninyooshe mikono, akalaza karatasi juu ya vidole vyangu. Karatasi ilicheza kama jani. Akasimama nyuma yangu akanishika shingo kwa vidole viwili, akaniambia nimeze mate. Akaniambia nimeze tena.

"Ni tezi ya shingo," akasema. "Imezidisha kazi. Inakuchoma kama jiko lisilozimwa. Chakula unakula, yenyewe inachoma."

"Si kifua kikuu?" nikauliza.

"Si kifua kikuu."

"Na haya macho?"

"Ni ugonjwa huo huo. Si hasira."

Hapo ndipo nilipolia. Makokha alitoa lile andazi mfukoni, akanipa, kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Jioni ile alimweleza mama yake maneno yote ya daktari. Nilikuwa upande wa pili wa ukuta. Alipofika kwenye macho alirudia mara mbili, "Si hasira, Mama." Asubuhi Mama Selina alikunywa chai akiwa ameelekea upande wangu.

Nilimeza vidonge tangu kiangazi cha Januari hadi tukapalilia mahindi. Vya asubuhi, vya mchana, vya usiku, na vingine vidogo vya kutuliza moyo. Kila mwezi nilirudi kwenye yale mabenchi yaliyong'aa. Kilo zilipanda tukashangilia, mwezi uliofuata zikashuka. Zikapanda, zikashuka zaidi. Nilianza kuogopa mzani kama watoto wanavyoogopa sindano. Nilipanda juu yake nimefumba macho, nikasoma habari usoni mwa daktari. Mwishoni mwa mvua aliniambia vidonge pekee havitoshi. Tezi ingekatwa, ibaki sehemu ndogo.

"Wapi?" nikauliza, ingawa nilijua.

Aligusa shingo yake mwenyewe. Alinieleza kwamba ni operesheni inayofanywa, kwamba watu wanatoka salama, lakini karibu na pale kuna mshipa wa sauti, na moyo wangu ulikuwa umechoka. Hakunidanganya. Siku ile ningependa anidanganye.

Nyumbani, Mama Selina alishika kichwa. "Shingo? Mtu mzima anachinjwa kama ingokho, kama kuku? Hapana. Heri aende kwao akaombewe."

Makokha hakusema kitu kwa siku nyingi. Alitoka alfajiri na trekta akarudi giza limeingia, akala amesimama. Nilimkamata nje ya jiko Jumapili moja, watoto wakiwa kanisani na bibi yao.

"Sema," nikamwambia.

"Nisemeje? Ukifa pale mezani nitawaambia nini hawa watoto? Kwamba niliweka kidole gumba kwenye karatasi yao, wakukate shingo?"

"Na nikifa hapa jikoni, sufuria mkononi, utawaambia nini?"

Aliniangalia. Nilikuwa nimevaa gauni nililokuwa nimelipunguza hata mishono ikakutana, na bado lilining'inia. Nadhani siku ile ndipo aliponiona. Alikaa kwenye kigogo cha kupasulia kuni akaweka uso kwenye viganja.

"Twende," akasema kutoka humo ndani.

Kabla ya operesheni walinilaza wodini nikinywa matone ya dawa ya kahawia kwenye maji. Yalikuwa na ladha ya msumari. Usingizi haukuja. Nilijifunza kunong'ona peke yangu chini ya blanketi, nikisema majina ya watoto, Wesonga, Nafula, ili nijue nitasikikaje kama sauti itakatwa ibaki hivyo. Nilijifunza kuona kitu kizuri kwenye mambo madogo. Mwanamke wa kitanda cha pili alinipa nusu ya uji wake kila asubuhi akidai umemshinda. Sijui kama kweli ulimshinda.

Siku yenyewe manyunyu yalikuwa yakianguka. Walipokuwa wakinisukuma kwenye machela nilipita dirishani, nikamwona Mama Selina amekaa kwenye nyasi nje, gunia la sukari tupu limefunika kichwa chake, miguu ameinyoosha mbele. Alikuwa ameapa hatakuja. Hakuniona. Midomo yake ilikuwa inasogea.

Nilipozinduka nilidhani nimekufa. Sababu ni moja tu, sikusikia moyo wangu. Kwa zaidi ya mwaka ulikuwa umenipigia ngoma masikioni, na sasa kimya. Nililala nikingoja malaika. Badala yake akaja sista, akanishika mkono.

"Jina lako nani?"

"Nanjala," nikasema. Ilitoka nyembamba, ya kukwaruza, lakini ilitoka. Nikalitaja tena, na tena, hadi akaniambia ninyamaze nipumzike.

Ningependa kumalizia hapo. Wengi wanaosimulia ugonjwa humalizia pale mgonjwa anapotoka hospitali. Lakini kama unaingia kwenye njia hii, nataka ujue na upande wa pili.

Nilirudi Shianda nikaanza kunenepa. Mashavu yalirudi kwanza, kisha mabega. Nilizifungua nguo zangu zote. Wateja nao walirudi. Wanawake walinishika mikono sokoni, "Sasa umependeza! Sasa ndiyo bibi ya mtu wa sukari!" Makokha alitupeleka studio tupigwe picha, akanisimamisha mbele yake, jambo ambalo kwa urefu wangu halikuwa rahisi. Nilifurahi. Nani asingefurahi?

Nilizidi kunenepa. Niliongeza vipande vya kitambaa ubavuni mwa magauni. Kila mtu aliyeniona alinipongeza, kwa hiyo sikuthubutu kusema kwamba nilikuwa nasikia baridi. Ilikuwa Februari, jua linapasua udongo, na mimi nilivaa sweta. Nilisinzia nikikanyaga cherehani. Neno dogo kama "mkasi" lilinikimbia, nikabaki nimenyoosha kidole. Ngozi ilinikauka ikawa na unga. Nilisema moyoni, ni uchovu wa kupona. Nilisema, warefu wakinenepa ndivyo wanavyoonekana.

Mama Selina alikuwa amerudi kwake, akaja kutuona. Alikaa nasi juma zima. Siku ya kuondoka alimwita mwanawe, na safari hii aliniita na mimi.

"Watu wanasema amenona," akasema. "Mimi nimemwangalia. Anabakisha chakula. Anakula kama ndege. Zamani alikulanga sana na anakonda, sasa hali na ananenepa. Huku si kupona. Mrudishe."

"Mama, kila mtu anasema yuko sawa," Makokha akasema.

"Kila mtu hakai naye mezani."

Nilirudi kwenye mabenchi. Hofu ilikuwa ile ile, nilipanda mzani macho yamefumbwa, safari hii nikiogopa namba kubwa. Daktari alikuwa yule yule. Alinisimamisha ukutani tena, akashusha kile kipande cha mbao.

"Urefu uko pale pale," akasema. "Ndicho kitu pekee ambacho hakijanisumbua kwako."

Kisha akaniambia. Kile kipande cha tezi kilichobaki hakikuweza kazi. Ningemeza kidonge kila asubuhi, si kwa mwezi wala kwa mwaka.

"Hadi lini?"

"Utakimeza kama unavyonawa uso."

Nilikasirika njia nzima ya kurudi. Nilikuwa nimekubali kukatwa shingo ili nimalizane na hospitali. Lakini nilikimeza, na polepole, mvua zilipokuja na kupita, maneno yalirudi, joto likarudi kwenye vidole, damu yangu ya mwezi ikarudi na kukaa kwenye siku zake. Siku moja nilijikuta nimepanda mzani macho yakiwa wazi. Daktari aliangalia namba, akaangalia urefu wangu, akasema vinapatana. Sikumwamini siku hiyo. Wala mwezi uliofuata.

Basi haya ndiyo ninayoweza kukuambia. Mtu akikusomea mzani na kukwambia uko sawa, mwombe akusimamishe na ukutani. Namba moja peke yake haimjui mtu. Usiwaache watu wakupongeze hadi ukaogopa kusema unaumwa. Na wewe uliye na mgonjwa nyumbani, mwangalie anavyokula, anavyolala, anavyokuangalia, kabla hujamwambia nenepa. Hofu haiishi mara moja. Mimi bado hugusa shingo yangu nikiwa peke yangu, na nikisikia njaa kabla ya wakati wake huacha kazi kidogo, nikasikiliza.

Lakini kulikuwa na siku, baada ya wakulima kulipwa, Zainabu alipofungua jora jipya la kitambaa cha buluu chenye maua madogo meupe. Nilimwambia anikatie kiasi cha gauni.

"La nani?"

"Langu."

Tangu niugue sikuwa nimejishonea gauni jipya, nilikuwa nikiyafungua na kuyabana yale ya zamani. Nililaza kitambaa mezani nikajipima mwenyewe, bega, kifua, kiuno, na ule urefu wangu wote hadi kifundo cha mguu. Fundi yeyote huacha nafasi ndani ya mshono, pana ya kutosha, ili nguo iweze kuongezwa mwili ukibadilika. Nilichora mistari miwili kwa chaki, wa ndani wa kutosha mshono tu, wa nje wa ile akiba. Mkasi ulikuwa mkononi na mkono ulikuwa umetulia, lakini nilikaa pale muda, nikishindwa kuanza.

Kisha nikafuta ule mstari wa nje, nikakata kwenye mstari wa ndani.

Zainabu aliinama akatazama. "Hujaacha akiba, Nanjala."

"Sijaacha," nikasema, nikaendelea kukata.